Maoni Yangu Kuhusu Premio ya Dada Emily

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa. Premio ya Dada Emily imelala uani kwangu! Nyeupe, imepigwa nta, inang'aa mpaka mbuzi wa jirani wanasimama nje ya ua kujitazama.

Emily ni muuguzi wa macho. Amekwenda Kisumu kwa semina ya wiki mbili, na kule anakopanga mlinzi halindi, analala. Kwa hiyo gari liko kwangu hapa Katoloni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Masharti: niliwashe kila asubuhi, lingurume kidogo, nilizime. Lisipite getini. Mara ya kwanza alisema kwa Kiswahili. Mara ya pili kwa Kikamba, ili nijue hatanii.

Nilimwapia. Mkono juu kabisa.

Mchana nikiwa dukani kwangu (fotokopi, picha za pasipoti, kulamineti vyeti) Rodgers wa duka la pili akaingia bila kubisha. Rodgers anauza kava za simu. Ana sauti nzito, na kwa sababu hiyo kanisani husoma matangazo kila Jumapili, ilhali mimi nimepewa kupanga viti. Akaniwekea simu yake mbele ya macho. Nzeve Motors, yadi ya magari kule Athi River, inatafuta mtangazaji wa video zake. Anayetaka kazi atume video akiwa ndani ya gari la familia, aeleze linavyoendeshwa. Mwisho ni Ijumaa jioni. Rodgers akasema ameshakodi gari pamoja na dereva wake, yeye ataongea tu. Akauliza mimi nitatuma ya nini, ya baiskeli?

Akacheka kwa ile sauti ya matangazo.

Leseni ninayo! Niliipata zamani kwa lori la shule ya udereva, tukizunguka uwanja, mara nyingine likiwa limewaka. Tangu hapo sijapata gari la kuendesha. Lakini kipaji hakiozi.

Nimeyafikiria sana maneno ya Emily. Alisema lisipite getini. Sasa, uwanja wangu una pande nne, na geti liko upande mmoja tu.


Jumanne, 5 Agosti

Nimekata ua wa michongoma upande wa nyuma, upana wa gari na kidogo cha heshima. Mke wangu Mwelu, mwalimu wa chekechea, yuko nyumbani kwa likizo. Aliuliza nafanya nini na panga asubuhi yote. Nikamwambia natengeneza njia ya hewa.

Alipoingia kuoga, nikatoka.

Maoni ya dereva, safari ya kwanza. Gari lina adabu. Halikurupuki. Unakanyaga mafuta, linafikiri kwanza, kisha linaondoka polepole likinung'unika kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Kuna harufu ya kuungua kidogo. Nadhani ni viti vikinizoea.

Karibu na lami, mwendesha boda boda alinipita akipiga kelele nitoe breki ya mkono. Nikamjibu najua, ninaipima nguvu. Nikaitoa. Asi! Likaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba! Nimeiandika hiyo kwenye maoni: gari lina nguvu za siri.

Breki ni kali kupita kiasi. Gari hili halina klachi, lakini mguu wangu wa kushoto ulilelewa na lori. Kila nikitaka kupunguza mwendo unaitafuta klachi, hauikuti, unakanyaga breki kwa nguvu zote. Paji langu la uso limegonga usukani mara kadhaa. Honi inafanya kazi vizuri.

Kurudi nyumbani: mwiba wa mchongoma ndani ya gurudumu, pancha. Na lile pengo la hewa, kumbe mbuzi wa jirani nao hupenda hewa. Sukuma wiki ya Mwelu imebaki vijiti. Mwelu alikuwa amesimama katikati ya vijiti hivyo, taulo kichwani, mwiko mkononi. Aliuliza kama hii ndiyo hewa niliyokuwa nikiitafuta.


Jumatano, 6 Agosti

Mwelu amenisamehe kwa sharti moja. Kwamba, kama gari litatoka tena, litoke kwenda Kalama kumchukua mama yake.

Mama Syombua ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukimsogelea unaona wingu jeupe. Amekuwa akiikwepa kliniki tangu mwaka jana. Mara basi litamtikisa, macho yaanguke. Mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Mara amemsikia daktari kwenye simu, na sauti yake ni ya kijana mno. Juzi alimwaga chai yote nje ya kikombe, mezani, akasema kikombe ndicho kilichosogea. Mwelu aliponisimulia hayo aligeuka kuangalia ukuta.

Mimi pia nilikuwa na shida yangu. Gari la familia linahitaji familia, na binti yetu Mbula yuko Kitui kwa likizo. Kwa hiyo kila mtu akafurahi. Nikampa Mwelu simu, nikamwambia apige video barabara nzima bila kuzima, na anishike vizuri upande wa kushoto, upande wangu mzuri.

Maoni: kwenye vilima vya Kalama injini hunguruma kama simba. (Mwelu alinionyesha baadaye kwamba gia ilikuwa kwenye L safari yote. Nimemweleza kwamba L ni ya Leisure, yaani starehe.)

Mama alitungoja barabarani amevaa kitambaa cha kanisa. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe ovyo, kuna nthoni, haya ya heshima. Miaka yote hii tumesalimiana kwa mbali kama majirani wenye mbwa. Leo akaingia kiti cha nyuma, akapapasa kila kitu kwa viganja vyake. Kiti. Mlango. Dari. Akanyoosha miguu yote miwili ikanyooka hadi mwisho. Akauliza ni kweli hii ni gari ndogo, au Baba Mbula amemletea sebule?

Baba Mbula ndiye mimi. Nilivimba.

Njia nzima Mwelu alishika mlango kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, akisali kwa sauti ya chini. Mama alikuwa ametulia tuli! Kila nilipofunga breki akainama mbele kama anayesujudu, kisha akasema, "Hii gari inajua kusimama." Sokoni akataka nipunguze mwendo, akafungua kioo, akawapungia watu. Alipungia hata nguzo ya stima na punda wawili. Akasema Kalama yote leo imemwona.

Mtu wa kwanza duniani kuelewa uendeshaji wangu!

Kliniki wamemwona. Upasuaji wa jicho la kulia ni Ijumaa. Mama alikubali hapohapo, ila akaweka sharti: aletwe na Baba Mbula mwenyewe kwa gari yake, au haji.

Mwelu alinitazama. Nikatazama dari.


Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya, lakini gari ni safi sana.

Emily amepiga simu asubuhi. Semina imefupishwa, anarudi Jumamosi. Akauliza gari lake likoje. Nikasema halijapita getini hata mara moja. Ukweli mtupu! Akasema asante, Festus, kumbe umekua.

Nilipokata simu nikagundua jambo. Emily aliliacha gari likitazama geti. Sasa linatazama choo. Kwa kuingia na kutoka pengoni nimekuwa nikienda mbele tu, mbele tu, nikizunguka mwembe kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Kuligeuza kunahitaji rivasi, na rivasi sijawahi kufanya. Shule ya udereva tulifika sura ya kona, lori likafa.

Maoni kuhusu rivasi: kuna kioo cha katikati, vioo viwili vya pembeni, na vyote vinaonyesha mambo tofauti. Nilichagua cha kushoto. Cha kushoto kilionyesha anga na sehemu ya blanketi la Mwelu kwenye kamba. Nikaenda.

Gari halina hata mkwaruzo. Nasema hivyo mapema, maana watu huuliza gari kwanza. Nilichogusa ni mguu wa jukwaa la tangi. Niliugusa kidogo tu. Tangi likainama taratibu kama mzee anayetafuta miwani, likaanguka, likapasuka, na maji yote tuliyovuna mvua za masika yakamwagikia Premio kuanzia boneti hadi buti.

Agosti hii! Kiangazi hiki!

Mwelu alitoka, akaangalia, akarudi ndani. Nimeoa miaka mingi, najua kelele zake zote na nimezizoea. Ukimya huu sijui nauweka wapi. Nilimwambia mlangoni kwamba angalau gari limeoshwa. Mlango ukafungwa polepole.

Rodgers amepita jioni makusudi, akasema video yake imekamilika, imebaki kutuma. Akauliza mbona uwanja wangu umegeuka mto. Nikamwambia ni bustani ya kumwagilia.


Ijumaa, 8 Agosti

Mwelu alitaka tuchukue teksi. Nilikubali. Kwa kweli nilikubali, hata funguo nilimpa. Tukampigia Mama. Mama akasema kama si Baba Mbula, basi arudi kitandani, na macho yabaki yalivyo.

Basi nikaendesha. Gia kwenye D leo. Gari likawa kimya hata Mama akauliza kama limezimika.

Kliniki tukafika salama. Mwelu akashuka kwenda kutafuta kiti cha magurudumu. Mama hakushuka. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, kitambaa cha kanisa kimemwangukia sikioni.

"Baba Mbula," akasema, "hao watu watanitoboa jicho."

Nikaanza kumwelezea gari. Nikamwambia buti linameza magunia mawili ya mahindi na bado linafunga. Nikamwambia ukizima redio unasikia saa ya mkono.

"Wewe huogopi kitu," akasema. "Gari yote hii unaendesha peke yako."

"Naogopa rivasi, mwaitu."

"Rivasi ni nini?"

"Ni kurudi nyuma. Jana nimejaribu, nikaangusha tangi ya Mwelu."

"Kwa hivyo wewe unaendanga mbele tu?"

"Mbele tu."

"Hata kama huko mbele ni kubaya?"

"Hata kama ni kubaya. Sina njia ingine."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega kwanza, bila sauti, halafu sauti ikamtoka, mlinzi wa kliniki akaja kutazama. Akajifuta macho yale yenye wingu kwa ncha ya leso.

"Sawa," akasema. "Fungua mlango. Twende hiyo mbele."

Kwa sababu ya nthoni hakunishika mkono. Alishika pindo la koti langu, na hakuliachia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hata pale muuguzi ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja.

Tuliketi kwenye benchi, mimi na Mwelu. Nilikuwa nimeisahau Nzeve Motors kabisa. Nilipokumbuka, jioni ilikuwa imefika na dirisha la kutuma linakaribia kufungwa. Sikuwa na nafasi ya kukata na kushona. Nikachagua video iliyokuwa ndefu kuliko zote, ile ya Jumatano, nikaituma bila kuitazama. Mwelu akaniegemea. Akasema bado amekasirika kuhusu tangi. Nikasema najua. Hakuondoa kichwa.

Mama ametoka salama, amefungwa kitambaa upande mmoja, anadai chai.


Jumamosi, 9 Agosti

Wamemfungua jicho!

Daktari (kijana kweli, sauti haikudanganya) alitoa kitambaa taratibu. Mama akapepesa. Akamtazama Mwelu muda mrefu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Umezeeka, mwanangu," akasema, na wote wawili wakalia.

Kisha akanitazama mimi. Akauliza, "Ni huyu?" Mwelu akasema ndiyo, ndiye. Mama akasema sauti yangu ilikuwa ndefu kuliko mimi.

Tukapanda gari kwenda kwetu. Aliketi nyuma katikati, ameinama mbele, anataka kuona kila kitu. Aliona soko. Aliona mawingu juu ya vilima vya Iveti. Alisoma mabango yote, hata ya waganga. Nilikuwa na furaha, nikakanyaga mafuta.

Halafu akaiona barabara.

"Baba Mbula! Hiyo ni lori!"

Nikasema nimeiona.

"Na huyo ni mtu! Na wewe uko upande wa nani?"

Mguu wa kushoto ukashtuka. Breki. Mama akasujudu, akainuka, akamgeukia binti yake.

"Mwelu. Wewe umekuwa ukipanda hii kitu na macho mazima?"

Akashuka palepale. Nilimsihi. Nilimkumbusha alivyosema gari linajua kusimama. Akasema gari ni mzuri sana, gari haina makosa yoyote, na akasimamisha boda boda. Akapakiwa, miwani ya kliniki usoni, mkoba mapajani, akatupita akiwapungia watu. Wote leo walikuwa watu.

Nilifika nyumbani, nikakata kona ya pengoni, na katikati ya pengo amesimama Dada Emily na begi lake la safari.

Breki ni kali sana. Naishukuru mbele ya Mungu.

Emily hakupiga kelele. Aliangalia pengo. Aliangalia vijiti vya sukuma. Akauliza tangi liko wapi. Nikaanza kueleza habari za pande nne za uwanja, na nilipofika upande wa tatu nikaona haisaidii.

Mama alikuwa ameshafika na boda yake, yuko mlangoni na chai. Akaja polepole, akasimama nyuma ya Premio, akasoma namba za gari kwa sauti, herufi moja moja, tarakimu moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akamwambia Emily kuwa gari yake ndiyo iliyompeleka kwa macho haya. Akamwambia pia kuwa akinipa mimi ufunguo tena, yeye Syombua atamshtaki kwa chifu.

Emily anajua macho, ni kazi yake. Aliyatazama yale ya Mama, akajiuma mdomo, akafungua mkono. Nikaweka funguo.

Adhabu: nipande michongoma upya kwa mikono yangu, na nichote maji ya nyumba hii mpaka tangi jipya lisimame. Nimesema sawa. Ningesema sawa kwa lolote.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimepigiwa simu na Nzeve Motors! Mimi! Rodgers alikuwa dukani kwangu akikopa stepla, nikaweka simu kwenye spika ili asikie vizuri.

Aliyepiga ni dada mmoja wa yadi, Tracy. Akasema wameitazama video yangu ofisi nzima, mara mbili, kazi ikasimama. Nikamtazama Rodgers. Nikamuuliza Tracy ni lini nianze.

Akasema wanamtaka mama.

Kumbe Mwelu, kwa kusali na kushika mlango, alikuwa ameigeuza simu. Video nzima ni kiti cha nyuma. Ni Mama Syombua akipapasa dari, akinyoosha miguu, akisujudu, akiwapungia punda na kusema hii gari inajua kusimama. Tracy akasema wanunuzi wa magari ya familia wote huuliza mambo ya kiti cha nyuma, na hakuna mtangazaji aliyewahi kukaa huko. Watamfuata Kalama kwa gari lao, kwa dereva wao.

Nikamuuliza mimi je. Tracy akafikiri. Akauliza kama lile sikio linaloonekana pembeni ni langu. Nikasema ni langu. Akasema ni zuri, lakini hawatalihitaji.

Kisha akauliza kama namfahamu bwana mmoja wa Machakos mwenye sauti nzito, ambaye watampa kusoma namba ya simu mwisho wa kila video.

Rodgers aliondoka na stepla yangu. Kicheko chake nilikisikia mpaka kwa muuza maandazi.

Jioni nikampelekea Mama habari kwa simu. Alisema ajira imechelewa lakini imefika. Akasema Baba Mbula naye anaweza kuja siku moja kutazama. Akae nyuma pamoja naye, upande wa dirisha, na asiguse kitu.

Licha ya nthoni yote, alisema akae pamoja naye. Nimelirudia neno hilo mara kadhaa nikichota maji.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekuja Kalama kumsaidia Mama na shamba, maana yeye ana kazi ya video. Mikono imejaa miiba ya michongoma, lakini moyo umetulia. Nimejifunza mengi. Cha mtu ni cha mtu. Agizo ni agizo. Nimemwambia Mwelu hivyo asubuhi kwa unyenyekevu, akanipimia joto kwa kiganja.

Shamba la Mama ni kubwa na ardhi ni ngumu kama sakafu. Kulilima kwa jembe kabla mvua hazijafika ni kazi ya wanaume wengi, na mimi ni mmoja. Lakini hapa uani, chini ya turubai, kuna trekta la jirani, Mzee Ndambuki, aliyekwenda Voi kwa harusi ya mjukuu. Jekundu. Magurudumu yanafika kifuani. Funguo amemwachia Mama, naye Mama ameenda Athi River tangu asubuhi, zimebaki msumarini.

Nimemuuliza mke wa Mzee, kwa upole tu, maagizo yalikuwaje. Akasema Mzee alikuwa wazi kabisa: mtu yeyote asikae juu ya trekta lake.

Nimelizunguka mara mbili. Nimelipima kwa macho.

Linaweza kuendeshwa kwa kusimama.